Maningrida wanachomaje nyasi mapema na kulipwa fedha za kaboni?

SWALI: "Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji wilayani Liwale. Kwenye semina tuliambiwa kwamba wenyeji wa asili wa Australia, upande wa mji unaoitwa Maningrida, wanachoma nyasi mwanzoni mwa kiangazi na kulipwa fedha za kaboni. Sisi huku moto kichaa unatusumbua kila mwaka. Naomba maelezo kamili: wanachomaje, hesabu ya malipo ikoje, mambo hukwama wapi, na je, kijiji chetu kinaweza kufanya hivyo?"

JIBU:

Ndugu mjumbe, mliyoambiwa ni kweli. Ila muwekeni sawa kila mtu kijijini tangu siku ya kwanza: hakuna anayelipwa kwa kuwasha moto. Kinacholipwa ni tofauti kati ya moshi uliokuwa ukitoka katika ardhi hiyo zamani na moshi unaotoka sasa. Kila hekta unayoichoma, hata mapema, inapunguza malipo yako kidogo. Anayechoma hovyo mwezi wa tano akidhani anachuma fedha anazichoma fedha zenyewe.

Maningrida uko pwani ya kaskazini ya Arnhem Land, ardhi ya wenyeji wa asili kaskazini mwa Australia, kwenye mdomo wa mto Liverpool, nyuzi 12 kusini mwa Ikweta. Tunduru iko nyuzi 11, kwa hiyo misimu yao mnaijua: mvua kubwa Desemba hadi Machi, kisha ukame unaokazana hadi Novemba. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 2,500, wanaozungumza lugha zaidi ya kumi, zikiwemo Ndjébbana ya wenye ardhi ya mji, Burarra, Kuninjku, Nakkara, Gurr-goni na Rembarrnga. Hadi Darwin, jiji kubwa la upande huo, ni kama kilomita 500 kwa barabara, sehemu kubwa ikiwa ya udongo. Mvua zikishika, barabara hiyo hufungwa kwa miezi, na mzigo huja kwa tishari la baharini.

Mji wenyewe ni mchanga. Serikali ilifungua kituo cha biashara mwaka 1949, kikafungwa baada ya muda mfupi, kisha mwaka 1957 ikaanzisha makazi ya kudumu. Watu waliokuwa wametawanyika kwa koo, kila ukoo kwenye ardhi yake, wakakusanyika pwani. Hapo ndipo tatizo la moto lilipoanza. Zamani familia zilichoma kidogo kidogo zikitembea: kufungua njia, kuwinda kangaruu, kulinda miti ya matunda na mahali patakatifu. Watu walipoondoka, nyasi zilisimama na kukauka bila kuguswa, na cheche moja ya Septemba au Oktoba ikawa inasafiri wiki nzima bila kukutana na kitu cha kuizuia. Katika uwanda wa juu wa mawe, kusini-magharibi mwa mji, kati ya 1995 na 2004 takriban theluthi moja ya eneo iliteketea kila mwaka kwa moto wa mwishoni mwa kiangazi peke yake.

Kuanzia miaka ya 1970 baadhi ya familia zilirudi kwenye ardhi zao na kujenga vijiji vidogo. Leo viko zaidi ya 30 kuzunguka Maningrida, na shirika la Bawinanga liliundwa mwaka 1979 kuvihudumia. Mwaka 1991 wakaanza Walinzi wa Djelk, kikosi cha wenyeji wanaolipwa kutunza ardhi na bahari, na mwaka 2009 eneo lao la kilomita za mraba zaidi ya 6,700 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya wenyeji wa asili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001, mwandishi wake wa kwanza akiwa Dean Yibarbuk, mwenyeji wa huko, uliangalia ardhi ya ukoo mmoja kwenye mto Cadell ambako uchomaji wa jadi haukukatika. Walikuta wanyama wengi na miti isiyovumilia moto mkali ikiwa bado inastawi, wakati maeneo yaliyoachwa bila watu yalikuwa yakiipoteza. Huo ndio msingi wa mradi wote: moto wa watu wanaokaa kwenye ardhi yao ulikuwa unafanya kazi ambayo hakuna aliyeipa thamani mpaka ilipokatika.

Thamani ya fedha ilikuja mwaka 2006. Kampuni ya ConocoPhillips, iliyokuwa na kiwanda cha gesi Darwin, ilikubali kulipa takriban dola milioni moja za Australia kwa mwaka kwa miaka 17, ili moto wa Arnhem Land ya magharibi upunguzwe kiasi cha kufidia tani 100,000 za hewa chafu kila mwaka. Eneo lilikuwa kilomita za mraba 28,000, na kazi iligawanywa kwa vikosi kadhaa vya wenyeji, Djelk wakiwa mmojawapo. Miaka saba ya kwanza ilishusha uzalishaji wa hewa hizo kwa asilimia 37.7 ukilinganisha na miaka kumi iliyotangulia. Siku hizi mauzo yanasimamiwa na ALFA, kampuni isiyogawa faida inayomilikiwa na wenyeji wenyewe.

Sasa uchomaji. Kazi huanza mvua zikiwa bado zinanyesha, mezani. Ramani za makovu ya moto, yaani maeneo yaliyoungua, za miaka iliyopita hutandikwa, na wenye ardhi huonyesha wapi hapajaungua kwa muda mrefu, wapi pasiguswe, nani ana haki ya kuwasha wapi. Kwa Wakuninjku haki hiyo ina pande mbili: kuna wenye ardhi kwa upande wa baba, na kuna djungkay, watoto wa mabinti wa ukoo huo, ambao ni wasimamizi wa ardhi ya mama zao na lazima waulizwe. Mkishindwa kumpata mwenye kauli, kipande hicho kinaachwa.

Mwezi wa Aprili dhoruba za mwisho hulaza nyasi. Nyasi kuu huko ni mtama mwitu wa mwaka mmoja, unaofika mita mbili na zaidi, na ukishamwaga mbegu hukauka haraka. Alama ya kuanza wanayoiangalia ni mkaratusi mmoja wenye maua ya rangi ya chungwa: ukichanua, mwanzoni mwa msimu wanaouita Yekke, yaani Mei na Juni, muda umefika. Huanza na ardhi ya kichanga na miinuko, kwa kuwa hukauka kwanza. Kingo za mabonde na mbuga za maji hufuata kadiri zinavyokauka, kila moja kwa wiki yake. Huu ndio ufundi ambao mtu wa ofisini hauoni: hakuna tarehe moja ya kuchoma eneo zima. Bonde lililo bichi leo ndilo ukuta wa moto unaouwasha leo kwenye kilima cha jirani.

Lengo la kila moto ni kujizima wenyewe. Unauwasha alasiri, upepo wa kusini-mashariki unausukuma, jioni upepo unatulia, umande unaanguka, moto unakufa usiku. Asubuhi unakuta madoa: hapa pameungua, pale pamebaki. Moto wa mapema ukipita kwenye eneo, kwa wastani hugusa takriban asilimia 71 ya ardhi iliyo ndani ya kovu lake. Wa mwishoni mwa kiangazi hugusa takriban 89. Hayo madoa yaliyobaki ndimo wanyama wadogo hukimbilia.

Kando ya barabara na kuzunguka vijiji huchoma kwa mkono, wakitumia kopo la kuchomea lenye mchanganyiko wa dizeli na petroli, dizeli ikiwa sehemu tatu au nne kwa moja ya petroli. Petroli ikizidi, kopo ni hatari kwa anayelishika. Dizeli ikizidi sana haliwaki vizuri. Kwenye uwanda wa mawe usiofikika kwa gari hutumia helikopta ndogo yenye mashine inayodondosha vitufe vya plastiki. Kila kitufe kina pamanganeti ya potasiamu. Mashine hukichoma sindano ya glaikoli, kioevu cha jamii ya kile cha kupozea injini, na baada ya sekunde chache kikiwa kimeshatua chini kinawaka. Vinadondoshwa kwa mistari, na mistari hiyo huunganishwa na mito, majabali na makovu ya karibuni. Familia nyingine hutembea kwa miguu siku kadhaa zikichoma na kufundisha watoto. Matembezi hayo huingia sehemu ambazo helikopta haiwezi kuchagua mti kwa mti.

Mistari ndiyo moyo wa mpango. Huna haja ya kuchoma asilimia 60 ya eneo. Unahitaji mtandao wa vipande vilivyoungua, vilivyofungana vizuri, vikate nchi katika vyumba, ili moto wa Oktoba ukizuka chumba kimoja usivuke kwenda cha pili. Tena vipande hivyo vihamishwe mwaka hadi mwaka. Ukirudia palepale kila Mei utaua miche na vichaka, na misonobari ya huko, ambayo haichipui tena ikishaunguzwa vibaya, itakosa miaka ya kutosha ya kukua na kutoa mbegu.

Kuanzia Agosti hakuna kuwasha, ni kuzima. Kikosi kinafuatilia satelaiti kupitia tovuti ya ramani za moto ya kaskazini mwa Australia, na moto ukionekana mahali pabaya helikopta hushusha watu wachache wenye mashine za kupulizia majani. Mashine hiyo husafisha majani makavu hadi udongo uonekane, na kwenye ardhi yenye miti wazi mkanda wa namna hiyo, ukipulizwa usiku au alfajiri moto ukiwa umetulia, mara nyingi hutosha. Maji hayabebeki kule.

Kuhusu hesabu. Gesi zinazohesabiwa ni methani na naitrasi oksaidi. Hewa ukaa itokanayo na nyasi haihesabiwi, kwa sababu mvua ikinyesha nyasi mpya huivuta tena. Katika hesabu za Australia, tani moja ya methani huchukuliwa kuwa sawa na tani 28 za hewa ukaa, na ya naitrasi oksaidi sawa na 265.

Chukua mfano wa hekta yenye tani 6 za nyasi na majani makavu. Moto wa mapema ukigusa asilimia 71 ya hekta, na ukateketeza takriban asilimia 74 ya kilichoguswa, zimeungua tani 3.2 hivi. Moto wa mwisho ukigusa asilimia 89 na kuteketeza takriban 86, zimeungua tani 4.6. Na hapo nimeuhurumia moto wa mwisho, maana miti hupukutisha majani kiangazi chote, kwa hiyo Oktoba hekta ileile haina tena tani 6, ina zaidi, na magogo na vichaka pia vinashika. Ukijumlisha yote, kwa eneo lilelile moto wa mapema hutoa karibu nusu tu ya gesi za moto wa mwisho.

Mpaka wa mapema na mwisho ni tarehe: hadi 31 Julai ni mapema, kuanzia 1 Agosti ni mwisho. Satelaiti ndiyo hakimu. Kabla ya mradi, moto wa miaka kumi iliyopita hupangwa kwenye ramani pamoja na aina ya uoto na idadi ya miaka tangu kila kipande kiungue. Wastani wake huwa ndio kipimo. Tuseme kipimo ni tani 100,000 kwa mwaka, na mwaka huu zimetoka 60,000: vyeti vinavyotolewa na mdhibiti wa serikali ni kama 40,000, kimoja kwa kila tani, na vinauzwa kwa serikali au kwa kampuni. Moto wote ndani ya mpaka unahesabiwa, uwe wa mwindaji, wa radi au wa jirani. Radi ya Novemba haina mwenye kulaumiwa, lakini vyeti vyako ndivyo vinavyokatwa.

Inakwama wapi? Kosa la kawaida ni kuwasha nyasi zikiwa mbichi mno. Moto unatembea mita hamsini unakufa, kila mtu anarudi nyumbani akiamini mstari umekamilika, kumbe una mapengo, na Septemba moto unapita kwenye hayo mapengo. Dawa ni kurudi wiki mbili au tatu baadaye kukagua na kuziba. Kosa la upande wa pili ni kuchelewa: wiki za mwisho za Julai nyasi zimeshakauka na upepo una nguvu, na moto unaouwasha tarehe 28 unaweza kuwa bado unatambaa tarehe 5 Agosti.

Halafu kuna fedha kutangulia. Helikopta na mafuta hulipwa Mei, vyeti huja mwaka unaofuata baada ya ripoti na ukaguzi. Bila akiba au mkataba wa muda mrefu kikosi kinafungwa baada ya msimu mmoja mbaya. Na misimu mibaya ipo. Aprili 2006 kimbunga Monica, cha daraja la juu kabisa, kiliingia nchi kavu magharibi mwa Maningrida na kuangusha misitu mizima; magogo hayo yakawa kuni za miaka iliyofuata.

Kuna pia nyasi ya gamba, ambayo kwao ni Afrika. Ilipelekwa Australia kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na ikawa balaa: inafika mita nne, huchelewa kukauka, na hekta moja inaweza kubeba tani 20 au zaidi, hivyo moto wake hupanda hadi matawini na kuua miti. Walinzi huisaka kando ya barabara na kuing'oa au kuipiga dawa kabla haijatoa mbegu, kwa sababu ikishaenea, hesabu zote nilizoeleza hapo juu zinavurugika.

Lakini kinachoumiza kuliko vyote ni vijiji vidogo kukosa watu. Nyumba zikichakaa, shule na zahanati zikiwa mjini tu, familia hurudi Maningrida, na helikopta haiwezi kuziba pengo la watu waliokuwa wakichoma kuzunguka makazi yao kila wiki. Ndiyo maana sehemu ya fedha za kaboni hurudishwa kwenye kazi za walinzi na maisha ya kwenye ardhi. Kwa maoni yangu hilo ni sharti la mradi kuwa hai. Kijiji kitakachochukulia fedha hizo kama gawio tu kitaukausha mradi wake.

Sasa Liwale. Wenzenu wana kitu kimoja kinachorahisisha kila jambo: sheria ya haki za ardhi ya mwaka 1976 iliwapa ardhi yenyewe, isiyoweza kuuzwa, kwa hiyo swali la nani mwenye vyeti lina jibu. Nyinyi jibu lenu linapitia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002: mpango wa matumizi bora ya ardhi, msitu wa hifadhi wa kijiji uliotangazwa, mipaka iliyopimwa, sheria ndogo zenye kipengele cha moto. Kama hivyo havijakamilika, anzeni hapo kabla hamjazungumza na kampuni yoyote. Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 zinataka mradi usajiliwe, na kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Msisaini makubaliano ya miaka 30 yaliyoletwa kwa Kiingereza bila mwanasheria wa halmashauri kuyasoma mbele yenu.

Njia ya kupima pia itakuwa tofauti. Mbinu ya Australia ilijengwa juu ya vipimo vya uoto wa huko na haihamishiki hivi hivi. Kwa miombo iliandaliwa mbinu ya kimataifa iitwayo VM0029, iliyotokana na kazi ya shirika la Mpingo, MCDI, huko Kilwa, jirani zenu. Hiyo hulipa kaboni inayobaki na kuongezeka ndani ya miti kwa sababu moto mkali umepungua. Kwenye miombo miti mingi inaathirika na moto wa Septemba na Oktoba, wakati majani mapya yanachipua, kwa hiyo faida kubwa iko kwenye miti, nanyi mtahitaji vipimo vya vipenyo vya miti kwenye viwanja vya kudumu, si ramani peke yake.

Kubwa zaidi ni ukubwa wa eneo. Mradi wa Arnhem Land ulianza na hekta milioni 2.8 na watu wachache sana ndani yake. Msitu wa kijiji wa hekta 10,000 hauwezi kubeba gharama za usajili na ukaguzi peke yake. Unganeni vijiji kadhaa vinavyopakana, ikiwezekana pamoja na jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori. Na nyinyi mna mashamba, warina asali, wafugaji wanaopita na wawindaji, ambao kila mmoja ana sababu yake ya kuwasha. Waiteni wote kwenye kikao cha Machi, kila mmoja aseme anawasha wapi na lini, muandike kwenye ramani. Warina asali wapeni vifaa vya kutolea moshi kabla ya kuwatoza faini.

Helikopta sahauni. Eneo lenu linafikika kwa pikipiki na miguu, kopo la kuchomea hutengenezwa na fundi, na timu ya watu wanane wenye matawi mabichi ya kupigia moto, mafyekeo na mabomba ya mgongoni inaweza kuchoma mistari mingi Mei na Juni. Anzeni saa tisa alasiri, kamwe si asubuhi. Mtu mmoja abaki nyuma hadi moshi uishe.

Kazi ya kwanza haihitaji mfadhili. Muombeni afisa misitu wa wilaya, au kijana yeyote anayejua ramani za kompyuta, afungue kumbukumbu za moto za NASA, ambazo ni bure na zinarudi nyuma hadi mwaka 2000. Achore mpaka wa kijiji, kisha atoe eneo lililoungua kila mwezi kwa miaka kumi. Kama moto wenu mwingi uko Agosti hadi Oktoba, mna kitu cha kupunguza na mna sababu ya kuendelea. Kama mwingi tayari uko Mei na Juni, nafasi ya kuupunguza moshi ni ndogo na mauzo ya kaboni hayatawalipa, ingawa mistari ya mapema itaendelea kuwalindia mizinga, nyumba na mininga.